George Anyona wa Kitutu: Baharia Aliyeteremsha Kihori Chake

Wahenga wetu wa pwani walikwisha kutuonya kuwa manahodha wakizidi, chombo huenda mrama. Lakini hawakutuambia afanye nini baharia anayewaona manahodha hao wakigombea usukani katikati ya bahari. Je, abaki chomboni na kumfuata mmoja wao? Ajaribu kuwapatanisha? Ama ateremshe kihori chake na kupiga kasia peke yake?

Marehemu George Moseti Anyona, aliyekuwa Mbunge wa Kitutu kule Gusii, alichagua njia hiyo ya tatu. Hapana shaka wako wasomaji wa Lamu, Malindi na Mombasa watakaouliza: sisi na mtu wa Gusii tuna nini? Tuna mengi. Chombo alichokataa kukipanda marehemu kilikuwa chetu pia. Miongoni mwa wazee sita waliokiunda alikuwamo mtu wa Mombasa. Vijana wetu walikishangilia. Na kilipopasuka, hasara ilitufika hapa hapa mabarazani petu. Basi na tumsimulie mtu huyu kwa haki, mazuri yake na makosa yake, kwani maiti hana wa kumjibia.

MANGA NA WATU WAKE

Manga ni mahali pa ukingo mrefu wa mawe na majani, unaoinuka ghafla kati ya mji wa Kisii na Nyamira. Aliyesimama juu yake siku isiyo na ukungu huiona nchi ikiteremka mbali chini kuelekea upande wa Ziwa Victoria. Ni nchi ya mvua nyingi na baridi, nchi ya migomba, majani ya chai na pareto, na watu wake ni wengi kuliko ardhi yao. Baba mwenye ekari chache huwagawia wanawe, nao wakawagawia wana wao, hata shamba likawa kama ukanda wa nguo.

Manga hiyo leo ni kaunti ndogo katika Nyamira, na wadi yake imo katika jimbo la Bunge la Kitutu Masaba. Hilo ndilo jimbo lililokuwa la marehemu Anyona, ambalo zamani likiitwa Kitutu Mashariki. Mtu aliyetoka katika nchi ambamo kila mwaka ndugu hugawana kipande kidogo zaidi cha ardhi hashangazi akiingia katika siasa na swali moja kinywani: mali ya taifa hili inagawanywaje, na nani aliyepewa kisu cha kugawia?

URITHI ALIOUKUTA

Siasa hizo za kuuliza mgawanyo wa mali, ambazo wengine huziita siasa za mrengo wa kushoto, hazikuanza naye. Zilikuwapo tangu Uhuru, na msiba wao ulikuwapo tangu siku hizo hizo. Pio Gama Pinto, aliyekuwa mpangaji wao hodari kuliko wote, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi Februari 1965. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa KANU wa Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama kilikatwa vipande vinane ili Jaramogi Oginga Odinga asibaki nacho. Odinga akajitoa Serikalini, na pamoja na Bildad Kaggia na wenzao wakaunda chama cha Kenya People's Union, yaani KPU.

Chama hicho hakikuishi miaka minne. Serikali ilikibana kila upande, ikavunja mikutano yake na kuwatia kizuizini watu wake. Lakini tusisahau kuwa kabla hakijapigwa marufuku Oktoba 1969, Kaggia mwenyewe alikuwa amekwisha kukihama na kurudi KANU. Hapa ndipo ilipoanza mila ambayo tutaiona tena na tena katika habari hii: nyundo ya Serikali huutia mtungi ufa, kisha wenye mtungi wakaumaliza kwa kuuvutania.

BUNGENI

Anyona aliingia Bungeni kwa uchaguzi wa mwaka 1974, angali kijana. Wakati huo nchi ilikuwa ya chama kimoja kwa desturi ingawa si kwa sheria, na Mbunge mwenye akili ya dunia alijua wapi pa kukaa. Jirani yake, Dkt. Zachary Onyonka wa Kitutu Magharibi, alikuwa Waziri tangu alipochaguliwa mara ya kwanza mwaka 1969. Mwananchi wa Kitutu basi alikuwa na mifano miwili mbele ya macho yake: kiti cha mbele karibu na dola, na kiti cha nyuma karibu na mlango wa jela. Anyona alikaa cha nyuma.

Kiti hicho cha nyuma kilikuwa na watu. Walikuwamo Martin Shikuku wa Butere, Jean-Marie Seroney wa Tinderet aliyekuwa Naibu wa Spika, na bibi shujaa Chelagat Mutai. Alikuwamo pia Josiah Mwangi Kariuki, ambaye aliuawa Machi 1975 na kuitikisa nchi nzima. Baada ya mauaji hayo Wabunge wa viti vya nyuma walisema bila kuficha, na Serikali nayo haikuficha hasira yake. Oktoba mwaka huo Shikuku alisema Bungeni kuwa wako wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, Seroney akiwa kitini alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini. Chelagat Mutai naye alifungwa mwaka uliofuata.

Mtu mwenye hofu angalijifunza kunyamaza. Anyona hakunyamaza. Mwezi wa Mei 1977 alisimama Bungeni kuhoji zabuni ya mabehewa ya reli, akitaka ijulikane ni wakubwa gani waliotia mkono katika biashara hiyo. Alikamatwa papo hapo katika eneo la Bunge, akapelekwa kizuizini bila ya kushtakiwa mbele ya hakimu yeyote. Fikiri, ewe msomaji: hakuwa ameshika silaha wala hakufanya mkutano wa siri. Aliuliza habari ya mabehewa, mahali palipojengwa kwa ajili ya kuulizia.

Alikaa ndani mpaka Desemba 12, 1978, siku ambayo Rais mpya, Daniel arap Moi, aliwafungulia wote waliokuwa kizuizini, akiwamo mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Nchi ilifurahi. Wengi walidhani giza limekwisha.

CHAMA KILICHOZIMWA KABLA YA KUZALIWA

Furaha hiyo haikufika mbali. Ulipokuja uchaguzi wa mwaka 1979, KANU ilimzuia Jaramogi Odinga kusimama, na Anyona naye akazuiwa. Watu wa Kitutu Mashariki, walipomkosa waliyemtaka, hawakumpeleka Bungeni mtu wa kupiga makofi. Walimchagua Abuya Abuya, naye akawa mmoja wa wale Wabunge wakali waliopachikwa jina la akina dada saba wenye ndevu. Pwani ilikuwa na fungu lake katika kundi hilo, kwani walikuwamo Mashengu wa Mwachofi wa Wundanyi na Chibule wa Tsuma wa Kaloleni. Jina la Chibule tulikumbuke, kwani tutalikuta tena mbele.

Mwezi wa Mei 1982 Jaramogi, baada ya kuzungumza mjini London mbele ya baadhi ya Wabunge wa Uingereza na kuilaumu hali ya Kenya, alifukuzwa katika KANU. Yeye na Anyona walikuwa tayari katika mpango wa kuunda chama cha pili. Kiliitwa Kenya African Socialist Alliance, chama kilichotaja usoshalisti kwa jina lake bila ya kuona haya. Sheria ya Kenya wakati huo haikukataza. Mwenye kutaka chama alikuwa na haki ya kwenda kwa msajili kama mwenye kutaka leseni ya duka.

Serikali haikungoja duka lifunguliwe. Anyona alikamatwa na kutiwa kizuizini kwa mara ya pili. Wakili wake, Bw. John Khaminwa, aliyekwenda mahakamani kumtetea, naye alitiwa kizuizini. Na tarehe 9 Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa sheria. Mtu anaweza kusema kuwa Katiba nzima ya nchi ilibadilishwa ili kuwazuia Jaramogi na Anyona wasifungue ofisi. Jaribio la mapinduzi la Agosti mosi lilikuja baadaye, wakati Anyona yumo ndani.

Aliachiliwa mwaka 1984. Miaka sita ilipita. Julai 1990, siku chache tu baada ya ghasia za Saba Saba, alikamatwa kwa mara ya tatu mjini Nairobi pamoja na Profesa Edward Oyugi, Bw. Ngotho Kariuki na Bw. Njeru Kathangu. Safari hii walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya uchochezi. Na mwezi wa Julai 1991 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka saba. Anyona alitolewa kwa dhamana mapema mwaka 1992, rufani yao ikingojewa.

Hesabu basi: mara tatu katika miaka kumi na mitatu, chini ya marais wawili. Wachache katika siasa za Kenya walikuwa na hati ya uaminifu iliyopigwa mihuri kama yake.

JAHAZI LA FORD

Alipotoka alikuta dunia imebadilika. Agosti 1991 wazee sita walikuwa wamejitokeza kuunda FORD: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge, na mwenzetu wa Mombasa, Ahmed Salim Bamahriz. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A kilifutwa. Watu walitembea mitaani wakiinua vidole viwili hewani, na palikuwa hapana mji wala kijiji kisichokuwa na mfuasi wa FORD. Aliyekuwa na umri wa kupiga kura siku hizo hatosahau. Ilionekana kama jahazi limekwisha tweka tanga, upepo ni wa kusi, na bandari inaonekana kwa macho.

Ndipo manahodha walipoanza kugombea usukani. Kenneth Matiba, aliyekuwa amezuiliwa mwaka 1990 na kuugua vibaya, alirudi kutoka London Mei 1992 na umati usio kifani ukampokea. Wafuasi wake walimtaka yeye awe mgombea wa urais. Wafuasi wa Jaramogi walisema mzee ndiye mwenyekiti, na ndiye aliyeubeba mzigo tangu mwaka 1966. Wakabishana juu ya namna ya kupiga kura ya chama, kama wapige wanachama wote ama wajumbe tu. Wakawa na ofisi mbili, mmoja akiwa Agip House na mwingine Muthithi House. Mzee Muliro, ambaye huenda angaliweza kuwaweka pamoja, alifariki Agosti. Kufika Oktoba palikuwa na vyama viwili, FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba, ilhali Mwai Kibaki alikuwa na chama chake cha Democratic tangu kifungu cha 2A kilipofutwa.

Sote twakumbuka mabarazani petu. Watu waliokunywa kahawa katika kijiko kimoja walianza kuketi mikeka mbalimbali. Nasi tulikuwa na donda letu wenyewe, kwani Islamic Party of Kenya ilinyimwa kusajiliwa mwaka huo huo, na vijana wake wakatafuta mlango katika FORD-Kenya. Mlango wenyewe ulikuwa umepasuka vibao viwili.

Macho ya wengi yalimgeukia Anyona. Alikuwa mshirika wa Jaramogi wa mwaka 1982. Alikuwa mwenzake Shikuku wa kiti cha nyuma cha mwaka 1975, na Shikuku sasa alikuwa upande wa Matiba. Hapakuwa na mtu mwenye haki zaidi ya kuingia kati yao na kuwaambia wazee hao wakae kitako. Lakini Anyona hakuingia kati yao, wala hakujiunga na upande wowote. Alisajili chama chake, Kenya Social Congress, akajitangaza kuwa mgombea wa urais.

ALIKUWA NA SABABU?

Mwenye insafu atakiri kuwa sababu alikuwa nazo. Wengi waliokuwa wakigombea usukani walikuwa wamekula meza moja na KANU wakati yeye akila uji wa jela. Matiba alikuwa Waziri mpaka mwaka 1988. Kibaki alikuwa Makamu wa Rais kwa miaka kumi, miaka ile ile ambayo Anyona alizuiliwa na kunyimwa haki ya kusimama. Na ugomvi wenyewe wa FORD haukuwa juu ya ardhi, wala kodi, wala bei ya chai ya mkulima wa Manga. Ulikuwa juu ya kiti. Kwa mtu aliyefungwa kwa ajili ya sera, kuulizwa anamtaka Odinga au Matiba kulikuwa sawa na kuulizwa anapenda kanzu gani, nyeupe au ya hudhurungi.

Wala tusidhani kuwa ni maradhi ya Afrika peke yake. Kule Unguja, mwaka 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Abdulrahman Babu alijitoa katika chama cha Hizbu na kuunda Umma Party. Na huko Uingereza, kulikozoea kutupa mafunzo ya demokrasia, chama cha Labour cha wafanyakazi kilipasuka mwaka 1931 pale kiongozi wake, Ramsay MacDonald, alipokubali kuongoza serikali pamoja na wapinzani wake. Kikapasuka tena mwaka 1981, wakuu wanne walipokihama na kuunda chama kingine. Na mwaka 1983 Bi. Margaret Thatcher aliwashinda wote kwa raha. Watu wa mrengo huo, kwa kuwa huanza safari kwa ajili ya fikra, kila mmoja huiona fikra yake kuwa ndiyo kibla. Watu wa mrengo wa pili huanza safari kwa ajili ya maslahi, na maslahi hugawanyika kwa hesabu, hivyo wao hupatana upesi.

Lakini sababu nzuri si lazima izae natija nzuri. Uchaguzi ulifanyika Desemba 29, 1992. Moi alipata kura zisizofika milioni mbili. Matiba, Kibaki na Odinga kwa jumla walipata zaidi ya milioni tatu, nao wakashindwa wote watatu. Anyona alipata kura 14,273 katika Kenya nzima. Chibule wa Tsuma, yule wa Kaloleni, alisimama kwa chama cha Kenya National Congress akapata 10,221. Kura hizo zote mbili zikichanganywa zisingemwangusha wala kumnyanyua mtu yeyote.

Katika Bunge, KANU ilipata viti 100, FORD-Kenya 31 na FORD-Asili 31. Viti vya Kisauni na Likoni hapa Mombasa vilikwenda FORD-Kenya. Kenya Social Congress ilipata kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa cha Anyona mwenyewe, kwa kuwa watu wa Kitutu Masaba hawakumsahau. Hivyo chama chake kilikuwa chama cha upinzani Bungeni kisichoweza kugawanyika, kwani hapakuwa na wa kugawana naye. Wakati FORD-Kenya ikitafunana baada ya kufa Jaramogi Januari 1994, Raila Odinga akivutana na Michael Wamalwa mpaka akakihama chama, Anyona alikuwa salama katika kihori chake. Usalama huo ulikuwa na bei yake: kihori hakichukui shehena.

KAZI YA MWAKA 1997

Tungemdhulumu tukiishia hapo. Mwaka 1997, nchi ilipokuwa ikiwaka kwa maandamano ya kudai mageuzi, Wabunge wa KANU na wa upinzani walikutana katika kikao kilichoitwa IPPG, na Anyona, mjuzi wa kanuni za Bunge, alikuwa miongoni mwa waliokifanyia kazi. Katika yale waliyopatana, uwezo wa kumzuilia mtu bila ya mashtaka uliondolewa, makosa ya uchochezi yakafutwa katika sheria, madaraka ya machifu yakapunguzwa, vyama vya upinzani vikapata watu wao katika Tume ya Uchaguzi, na Katiba ikaandikwa kuwa Kenya ni nchi ya vyama vingi.

Tazama jambo hili. Kizuizi bila ya mashtaka kilimla mwaka 1977 na mwaka 1982. Kifungu cha chama kimoja kiliandikwa kwa ajili yake na Jaramogi. Sheria ya uchochezi ilimpa miaka saba. Na mtu huyo huyo aliketi mezani na wale waliomfunga, akasaidia kuing'oa minyororo hiyo, si shingoni mwake tu bali shingoni mwa kila Mkenya, Mgusii na Mswahili, Mwislamu na Mkristo. Wako wanaharakati na Wabunge wenzake wa upinzani waliokilaumu kikao hicho kwa ukali, wakiona kuwa KANU imeokolewa na kwamba Katiba mpya imeuzwa kwa bei ya chini. Huo nao ulikuwa mgawanyiko mwingine wa mrengo ule ule. Yao nayo yana haki ya kusikilizwa, kwani Moi alishinda tena mwaka huo. Lakini kijana wa leo anayeilaumu Serikali barazani, kisha akarudi kwake kulala bila ya hofu ya kuchukuliwa usiku, ana deni kwa waliokaa mezani kama anavyodaiwa na waliokuwa barabarani.

Katika uchaguzi huo wa mwaka 1997 wagombea wa urais walikuwa 15. Anyona alirudi na kura 16,428. Profesa wetu Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya za Kiswahili na mzuiliwa wa zamani, alipata 23,554. Watu wawili walioyapitia magereza yale yale kwa ajili ya maskini wale wale, kila mmoja na chama chake, kila mmoja na bendera yake.

MWISHO WA SAFARI

Mwaka 2002 ndipo manahodha walipoketi, baada ya miaka kumi ya kula hasara. Kibaki, Wamalwa, Charity Ngilu na Raila waliingia katika chombo kimoja, NARC, na KANU ikashindwa kwa mara ya kwanza tangu Uhuru. Siku ile ambayo Anyona aliipigania tangu ujana wake ilifika, naye hakuwamo. Huko Gusii upepo ulikuwa wa FORD-People ya Simeon Nyachae, upepo wa mtu wa nyumbani, na ulikipindua kihori cha Anyona pamoja na vingine. Alipoteza kiti chake cha Kitutu Masaba. Mwaka haukutimia tangu Serikali mpya kuapishwa, ajali ya gari mjini Nairobi ikamwondoa duniani, tarehe 4 Novemba 2003.

Naam, hayo ndiyo maisha yake. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu, lakini mazingatio ni yetu. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuwa kushauriana ni katika sifa za waumini, na kuwa anayekwenda peke yake si kwamba amekosa njia, huenda njia anaijua kuliko wote. Ila mbwa-mwitu humkuta peke yake. Anyona aliijua njia. Aliyoyasema mwaka 1977 juu ya wizi wa mali ya umma, nchi nzima iliyasema mwaka 1992. Chama alichokitaka mwaka 1982, kila mtu alikitaka miaka kumi baadaye. Hakuna aliyemnunua, na hakuna aliyemtisha akatishika.

Kilichompungukia ni subira ya kukaa na watu wasio safi kama yeye. Kwa jela alikuwa na moyo wa chuma. Kwa wenzake hakuwa na moyo wa sufi. Nao wenzake, Odinga na Matiba, ambao kila mmoja alikuwa na kundi kubwa nyuma yake, wana lawama kubwa kuliko yake, kwani yeye alikimbia ugomvi na wao ndio walioufanya. Lakini mkulima wa Manga mwenye robo ekari, na mvuvi wa Kipini asiye na nyavu, hawakugawiwa lawama; walingoja miaka kumi zaidi.

Mabaraza yetu leo yana vyama vingi kuliko misikiti, na kila mwenye vyama hivyo hudai kuwa amekimbia uchafu wa mwenziwe. Ajaye kutuomba kura kwa sababu hiyo tumwulize maswali mawili. Swali la kwanza, ambalo Anyona angelijibu kwa kifua wazi: ulifanya nini ulipotishwa? Na la pili, ambalo Anyona alilikwepa maisha yake yote: uliketi na nani usiyempenda, ili sisi tupate?